Mashine Bubu

"Imewaka?"

Mzee alikuwa amesimama chini ya mwembe wetu, mshipi umempita begani, mashine mpya ya kukata nyasi mikononi. Kidole chake kilikuwa kimebana kitufe barabara. Kule chini kichwa cha mashine kilikuwa kinazunguka hata uzi wa kukatia hauonekani, na majani makavu ya mwembe yanaruka huku na huku.

Mimi nilikuwa barazani, hatua kama kumi na tano kutoka aliposimama, kikombe cha chai mkononi. Mlio nilikuwa nausikia vizuri. Ni mlio wa feni kubwa, au wa nyuki waliofungiwa kwenye debe.

"Imewaka, Mzee," nikamjibu.

Akaachia kitufe. Akabana tena. Akainamisha kichwa, sikio la kulia chini, kama mtu anayesikiliza kisima kama kina maji.

"Haya," akasema. "Maadamu wewe wasema imewaka."

Nikacheka. Mama akacheka. Mzee mwenyewe akacheka, kisha akaanza kazi.

Hii ni wiki ya saba tangu siku hiyo, na kicheko kile bado kimenikaa kama mwiba wa samaki kooni.

(Mzee ana jina lake. Nilipomwambia kwamba nataka kuandika habari hii aliniruhusu niandike nitakavyo, ila jina lake lisiingie "kwenye simu za watu". Basi humu atabaki Mzee.)

Nilichokwenda kununua

Niseme ukweli mapema. Sikununua mashine ya betri kwa ajili ya hewa safi, wala mazingira, wala wajukuu ambao bado sina. Niliinunua kwa sababu ya kelele.

Kazi yangu ni kusikiliza. Natumiwa sauti za watu zilizorekodiwa, mahojiano, mikutano, kesi, nami naziandika neno kwa neno. Masikio yangu ndiyo jembe langu. Na anayeishi Bamburi anajua ukoka unavyofanya masika yakikolea: ukiukata Jumamosi, Jumatano tayari umeanza kukudharau. Kila nyumba ina nyasi, na kila nyumba ina mtu wake wa mashine. Wa kwanza huwasha saa moja asubuhi. Akizima yeye, wa pili anavuta kamba. Mpaka saa saba mchana nimeandika ukurasa mmoja na nusu, na pazia zote zanuka petroli.

Mzee ametukatia nyasi miaka kumi na miwili. Alianza na fyekeo, baba yangu akiwa hai. Kisha akadunduliza, akanunua mashine yake ya mafuta, ya kuchanganya petroli na oili kwenye chupa ya soda. Ni mali yake mwenyewe. Huibeba begani kutoka Mtopanga na kuzunguka nayo geti kwa geti.

Jambo moja kuhusu Mzee ambalo nimelipenda siku zote: adhana ikilia, huzima. Yeye si Mwislamu. Husimama tu, akapangusa jasho, akasubiri mpaka imalizike. Kwa miaka mingi nimejua adhuhuri imeingia kwa kunyamaza kwa mashine ya Mzee, kabla hata sijamsikia muadhini.

Nimeyakumbuka haya sana wiki hizi.

Mama, mtungi na betri

Mashine niliinunua mjini kwa shilingi 28,000, na betri moja na chaja. Muuzaji aliniambia betri hiyo "yakata uwanja wa mpira". Sijui alikuwa na uwanja gani akilini.

Hesabu ni hii. Betri yangu ni ya volti 36 na saa za ampea 5. Zidisha, unapata wati-saa 180. Kwa lugha ya tokeni za umeme, haifiki hata sehemu ya tano ya yuniti moja, yaani ya wati-saa 1,000. Kuijaza kwanigharimu kama shilingi 6 au 7. Mzee akija na mashine yake, ua wetu unakula nusu lita ya petroli na oili juu yake, na petroli sote twajua inavyouzwa. Mwezi ule wa Septemba 2023, bei ilipovuka shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza, Mzee aliongeza shilingi 50 kwa kila nyumba. Nyumba mbili zikamwambia asirudi tena.

Kwa hesabu hiyo, betri imeshinda kabla mechi haijaanza.

Lakini lita moja ya petroli imebeba nguvu ya kama yuniti 9. Ni betri yangu mara hamsini. Kweli, injini ndogo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo kwa joto na kelele, na mota ya umeme haipotezi hivyo. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno, na unaiona siku ambayo ukoka umelowa. Siku kavu, betri moja yamaliza ua wote na kubaki na taa moja. Siku ya pili baada ya mvua, nyasi nzito na mbichi zikajizungusha kwenye kichwa cha uzi, na betri ikafa nikiwa sijafika hata kwenye mipapai. Nasema nikiwa, kwa sababu siku hiyo nilikuwa najaribu mwenyewe. Mikono ilitetemeka mpaka jioni.

Na ardhi yetu hii ni mwamba wa matumbawe. Ukigusa chini kidogo, uzi umekatika na kokoto imekupiga muundini. Kwa hilo, mashine ya mafuta na ya betri ni dada mmoja.

Kisha joto. Betri ikitoka kazini huwa ya moto, na chaja inaikataa: yawasha taa nyekundu na kukutazama. Sharti usubiri ipoe. Mama, ambaye haamini kwamba kitu cha 28,000 chaweza kukataa kula, aliichukua akaenda kuiweka juu ya kifuniko cha mtungi wake wa maji. "Hapa ndipo penye baridi nyumba hii," akasema. Nilimkuta pale, betri inapata baridi na unyevu kwa pamoja, nikaomba samahani kwa wote wawili. Betri za lithiamu hazipendi joto. Ukiziweka zimejaa pomoni mahali pa moto huzeeka haraka, na kwa hewa yetu hii ya chumvi ni lazima kupangusa zile chuma za kuunganishia kila wiki, la sivyo zinaota kutu. Sasa yalala sakafuni stoo, nusu imejaa, imefunikwa kitambaa, kama mgonjwa.

Binamu yangu, ambaye kazi yake duniani ni kuniharibia furaha, alinitumia ujumbe: "Hujaondoa moshi, umeuhamishia Kipevu." Nikakaa nalo hilo siku mbili. Mitambo ya dizeli ya Kipevu ipo kweli, naiona nikivuka kwenda Changamwe. Lakini umeme mwingi wa nchi hii watoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana, na siku hizi hata paneli za jua za Langobaya, hapa hapa Pwani. Dizeli huitwa zaidi jioni, watu wakirudi nyumbani na kuwasha kila kitu. Basi mimi huchaji saa nne asubuhi. Binamu hajanijibu.

Tangazo

Jumamosi ya tatu Mzee alikuja na mashine yake ya mafuta begani, kama zamani.

Nikamwuliza kama ile nyingine imemsumbua.

"Haijanisumbua. Ni nyepesi. Haina moshi. Mkono haufi ganzi." Akanyamaza kidogo. "Lakini, mwanangu, ni bubu."

"Si ndio uzuri wake, Mzee?"

Akanitazama vile anavyotazama mtu akikanyaga miche.

"Mimi nikija hapa Jumamosi na hii yangu, nikivuta kamba, mtaa mzima wajua nimefika. Yule mama wa geti la bluu atuma mtoto: mwambie akitoka huko apite kwetu. Yule jamaa wa pembeni ambaye hukata mara moja kwa mwezi, akisikia mlio ndipo akumbuka nyasi zake. Mimi sina bango. Sina simu ya kuweka picha. Huu mlio ndio simu yangu."

Jumamosi mbili za mashine bubu, alikuwa amekata kwetu akaenda zake nyumbani. Hakuna aliyemwita. Siku zote huondoka mtaani kwetu amefanya nyumba nne, mara nyingine tano.

Sikuwa na jibu. Kelele ambayo mimi niliihesabu kuwa uchafu, yeye aliihesabu kuwa mtaji. Nami nilikuwa nimemnyang'anya, kwa tabasamu, na kwa kikombe cha chai.

Akawasha. Nikaingia ndani, nikafunga madirisha.

Ujumbe ambao sikuutuma

Wiki hiyo hiyo, katika kikundi cha wakaazi wa mtaa wetu (mnapajua mahali hapo: taka, maji, mbwa wa jirani), mtu mmoja mwenye mtoto mchanga akapendekeza mashine za mafuta zipigwe marufuku mtaani. Kila nyumba inunue ya betri, au afadhali fyekeo. Vidole gumba vikaanza kumiminika.

Jirani mmoja ajua ninayo ya betri. Akaniomba nieleze.

Nilikuwa na nafasi ya kuwa mtu mwenye akili kikundini, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Nikajifungia na kuanza kuandika ujumbe mrefu. Nikaweka mambo ya California: kwamba mwaka 2021 walipitisha sheria ya kuacha kuuza injini mpya ndogo za petroli za bustani, ikaanza kushika mwaka 2024. Kwamba mamlaka yao ya hewa ilishapiga hesabu, ikasema kipeperushi cha majani cha petroli kikifanya kazi saa moja hutoa uchafu wa kutengeneza ukungu wa moshi sawa na gari dogo likienda maili 1,100. Nikaigeuza kwa ajili yetu: si mbali na kwenda Nairobi na kurudi mara mbili.

Nikaeleza sababu, maana haiaminiki bila sababu. Injini hizi hazina tangi la oili pembeni, oili huungua pamoja na petroli. Na zilivyoundwa, mafuta mapya yanaingia wakati njia ya moshi bado haijafungwa, kwa hiyo sehemu yake, na si ndogo, hutoka nje ikiwa mbichi. Ile harufu kwenye pazia zangu si moshi peke yake. Ni petroli ambayo Mzee ameilipia na haijamfanyia kazi.

Ulikuwa ujumbe mzuri. Nikataka kuongeza sehemu ya kelele. Kanuni za kelele za mwaka 2009 ziko, nilijua zitawapendeza. Nikafungua jedwali la desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, nipate tarakimu moja ya kumalizia.

Hapo ndipo nilipokwama.

Dakika kumi na tano

Jedwali lenyewe si refu. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, inasema mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwa 88, saa 4. Kwa 91, saa 2. Kwa 94, saa moja. Kwa 97, nusu saa.

Kwa 100, dakika 15.

Mashine za mafuta za kubeba begani hufika karibu na hapo, zikipimwa kwenye sikio la anayezibeba.

Nikaisoma mara mbili. Nilikuwa nimeingia pale kutafuta desibeli zinazonifikia mimi, barazani, nyuma ya dirisha, hatua kumi na tano. Sikuwa nimefikiria hata siku moja desibeli za mwenye mashine. Jumamosi moja ya Mzee ni kazi ya muda wa saa tano. Jumamosi tu. Na anafanya siku sita.

"Imewaka?"

Nikaweka simu chini.

Kazi yangu ni kusikiliza, nimeshasema. Hulipwa kutambua kwamba mtu amesita kabla ya kusema ndiyo. Na yule Mzee alisimama mbele yangu, mashine inazunguka mikononi mwake, mimi nikiisikia kutoka barazani na yeye haisikii, na mimi nikadhani ni mzaha kuhusu mashine.

Kisha mengine yakaja moja moja, kama watu wanaochelewa matanga. Jinsi anavyogeuza uso upande akizungumza nawe. Nilidhani ni adabu. Jinsi Mama anavyompazia sauti. Nilidhani ni uzee wa Mama. Na adhana. Miaka yote nimemsifia adhana. Siku hizi huzima, ndiyo, lakini nimemwangalia tangu siku ile: hutazama saa yake ya mkononi kwanza.

Nikaufuta ujumbe. Kikundini wakaniuliza mara mbili, kisha wakarudi kwenye habari za maji.

"Nikipimwa nitasikia tena?"

Jumamosi ya tano nilimtafuta baada ya kazi, amekaa kwenye gogo, anakunywa maji. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Niliiacha.

"Mzee, masikio yako yako vipi?"

"Yapo," akasema, akayagusa yote mawili, akacheka.

Nikangoja. Kungoja nimejifunza kazini. Ukimya ukikaa, mtu huujaza.

"Hili la kushoto liliondoka zamani," akasema. "Hili lajikaza. Watoto wadogo siwasikii tena. Mjukuu wangu akisema, naona mdomo tu waenda. Mkubwa akisema, nasikia. Ndege, basi. Usiku kuna kitu chalia humu ndani, kama mashine haijazimwa."

Nikamwambia kuna mahali pa kupima masikio, nitamlipia.

"Nikipimwa nitasikia tena?"

Nilijua jibu. Kelele zikishaua vile vijinywele ndani ya sikio, havioti tena. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka, za watoto na za ndege, na mlio wa mota ndogo ya umeme ni wa familia hiyo. Kifaa cha kusikilizia chaweza kumsaidia. Kipimo chaweza kumwonya. Lakini yeye hakuuliza kuhusu kifaa wala onyo.

"Hapana," nikamwambia. "Ila yaliyobaki yaweza kulindwa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei na anaifikiria.

Kuna Kanuni za viwandani za mwaka 2005 hapa Kenya, zinazomlazimisha mwajiri kumlinda mfanyakazi na kelele zikizidi kiwango. Nilizisoma usiku ule. Lakini Mzee hana mwajiri. Ana mageti. Kila geti lina saa moja yake, na hakuna geti hata moja lililojumlisha.

Betri ni ya nani

Mtu mwepesi wa kusuluhisha, nikarudi na suluhisho. Achukue mashine yangu ya betri azunguke nayo nyumba zote.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Nyumba tano ni betri saba au nane, siku za masika. Betri moja ya ziada nimeulizia: 11,500. Nane ni 92,000. Mashine yake yote, na tangi lake, na mlio wake, aliipata kwa 14,000, na petroli ikiisha boda amletea chupa nyingine.

Achaji wapi? Chumba chake cha Mtopanga kiko kwenye nyumba ya kupanga yenye mita moja. Mwenye nyumba ameandika mlangoni: koili hapana, pasi hapana. Taa na simu tu. Chaja ya mashine akiiona, atampandishia kodi au kumtoa.

Basi kila nyumba inunue yake? Kila nyumba itanunua ya rangi yake, na betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya nyingine. Hilo wenye kampuni wamelipanga vizuri. Boda za umeme wanabadilishana betri kituoni, unashuka na tupu unapanda na iliyojaa, dakika chache. Kwa wakata nyasi sijaona kituo kama hicho. Nadhani hakuna aliyewahesabu.

"Na jambo lingine," akasema Mzee. "Hii yangu, siku mimi na wewe tukigombana, naibeba naondoka nayo. Ile yako, tukigombana, nabaki na mikono."

"Hatutagombana, Mzee."

"Marehemu baba yako tuligombana mara tatu."

Sikulijua hilo. Mama, aliyekuwa akichambua mchicha mlangoni, hakuinua macho. "Mara nne," akasema.

Tulipofika

Hatujafika mbali. Kwetu anatumia ya betri, kwa malipo yale yale, na betri ya pili nimeinunua mimi, nikaahirisha kiti cha kazi nilichokuwa nakitamani. Kwingine anatumia yake. Nilimnunulia vifuniko vya masikio, vile vikubwa kama vya marubani. Wiki ya kwanza alivivaa. Wiki ya pili nilimkuta amevishusha shingoni: anasema akivivaa hasikii tuktuk ikija nyuma yake barabarani. Nikamwambia barabarani avivue, avivae akiwasha. Akasema sawa. Sijui.

Mwenye geti la bluu nilikwenda kuzungumza naye mimi mwenyewe. Sikutaja California. Nilimwambia tu Mzee huwa kwetu Jumamosi saa mbili, na kwamba siku hizi hatamsikia.

Kuhusu lile la tangazo, dawa aliitafuta mwenyewe. Mnawajua wauza kahawa wetu, wanaopita jioni wakigonganisha vikombe: huhitaji kumwona mtu, vikombe vimeshakuambia. Mzee fyekeo lake la zamani hajalitupa. Jumamosi iliyopita alimaliza kwetu, akaegemeza mashine bubu ukutani, akatoka nje ya geti na fyekeo mkono mmoja na tupa mkono mwingine. Akasimama katikati ya njia. Akagonga tupa kwenye bapa la fyekeo.

Ngaa. Ngaa. Ngaa.

Sauti kavu, ya chuma, ilipenya mpaka kwenye meza yangu ya kazi. Nikavua spika za masikioni, nikatoka barazani. Akagonga tena mara tatu, akasubiri, sikio la kulia amelielekeza mtaani.

Geti la tatu likafunguka. Mtoto wa kike akatoa kichwa, akaita kwa ile sauti yake nyembamba: "Babu! Mama asema uje!"

Mzee hakugeuka. Akainua tupa, akagonga tena.

"Babu!"

"Mwambie, mwanangu, mwambie," Mama akanihimiza kutoka kwenye kiti chake. "Aitwa yule."

Nikavaa viatu, nikaenda kumgusa bega.